Kikokotoo cha kwenye simu hakijui msimu wa machungwa Maramba

Mkinga. Januari ikifika, simu za wazazi wa Maramba hupata kazi ya ziada. Kuna mtoto anayeingia kidato cha kwanza, anatakiwa sare, viatu, madaftari, na godoro kama anakwenda bweni. Elimu bila ada ilianza mwaka 2016, lakini kila mzazi anajua kwamba ada si gharama pekee ya kumpeleka mtoto shule. Basi mzazi anaingia mtandaoni, anatafuta kikokotoo cha mkopo, anajaza kiasi anachotaka, riba na idadi ya miezi. Sekunde mbili baadaye jibu limetoka: rejesho la kila mwezi ni Sh103,484.

Kihesabu jibu hilo ni sahihi. Hakuna aliyekosea kujumlisha. Lakini namba iliyonyooka namna hiyo, mpaka shilingi nne za mwisho, humfanya mtu aamini kuwa imemhesabu yeye, mapato yake na nyumba yake, wakati imehesabu vitu vitatu tu alivyoijazia.

Kwa sisi tunaoandika habari za afya hili si geni. Mjamzito anapoulizwa kliniki tarehe ya hedhi yake ya mwisho, makadirio ya siku ya kujifungua hupatikana kwa kuhesabu siku 280 tangu siku ya kwanza ya hedhi hiyo. Hesabu hiyo inachukulia kwamba mzunguko wake ni wa siku 28. Siku hizi kuna vikokotoo vya kufanya hivyo kwenye simu, na vinatoa tarehe moja kavu. Ila wachache sana, takriban mtoto mmoja kati ya 20, ndio huzaliwa siku hiyohiyo. Muuguzi analijua hilo. Ndiyo maana haishii kwenye tarehe. Anapima tumbo, anasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, anauliza mimba zilizopita zilikuwaje.

Kwenye fedha, wengi wetu tunachukua tarehe na kumwacha muuguzi.

Mshahara wa kila mwezi ambao haupo

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini ambao mtu wa Maramba hatauona wa ajabu. Mama ana shamba la machungwa, analima mahindi wakati wa masika na anauza iliki kidogo inayotoka kwa ndugu zake huko juu milimani Usambara. Kwa mwaka mzima anaingiza Sh3.6 milioni. Anataka mkopo wa Sh1 milioni. Kikokotoo kinamuuliza: mapato yako kwa mwezi ni kiasi gani?

Anagawanya kwa 12, anapata Sh300,000. Anajaza. Kikokotoo kinamwambia anamudu.

Sasa tazama fedha hizo zinavyoingia kweli. Sh2.4 milioni zinakuja kati ya Juni na Agosti, machungwa yanapokuwa tele na magari ya wanunuzi yanapofika. Sh900,000 zinapatikana Desemba na Januari. Sh300,000 zilizobaki zinadondoka kidogokidogo, leo mkungu wa ndizi, kesho kuku wawili. Aprili na Mei, mvua ya masika imeshika, barabara za shambani zimeharibika, mahindi bado mabichi na mfukoni hamna kitu. Ile Sh300,000 ya kila mwezi haijawahi kuwapo hata mwezi mmoja katika maisha yake. Ilizaliwa kwenye kugawanya.

Akichukua mkopo Machi, rejesho la kwanza linamkuta Aprili. Atalipa na nini? Hapo ndipo mkopo wa pili unapoingia, wa kulipia ule wa kwanza, na mara nyingi huu wa pili ndio ule ambao mitaani tumeupa jina la kausha damu: unaanza kurejesha wiki ileile, au kila siku. Mwanamke aliyeanza na hesabu nzuri kabisa kwenye simu anajikuta anajificha mkusanyaji wa marejesho akipita na bodaboda yake.

Vikokotoo vingi vimetengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye mshahara, anayelipwa tarehe ileile kila mwezi. Hilo si kosa la aliyevitengeneza. Lakini mkulima, mvuvi wa kule Moa na mama muuza samaki wa kukaanga wanajibu swali ambalo halikuulizwa kwa ajili yao.

Asilimia 3.5 mbili tofauti

Hata mwenye mshahara asikimbilie kufurahi. Ile Sh103,484 ya mwanzo imetokana na mkopo wa Sh1 milioni kwa miezi 12, riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Sikuchagua kiwango hicho kwa kubahatisha: ndicho ukomo ambao Benki Kuu ya Tanzania (BoT) imewawekea wakopeshaji wadogo wa daraja la pili, yaani wale wasiopokea amana za wateja.

Asilimia 3.5 inaweza kuhesabiwa kwa namna mbili. Ya kwanza, riba inatozwa kwenye deni lililobaki. Unapolipa, deni linapungua na riba inapungua nalo. Kwa namna hii, mpaka mwisho wa mwaka utakuwa umelipa jumla ya Sh1,241,807 hivi. Ya pili, riba inatozwa kwenye Sh1 milioni yote kila mwezi, kana kwamba hujawahi kurejesha hata senti. Hapo riba ya mwaka ni Sh420,000, rejesho la mwezi ni Sh118,333, na jumla ni Sh1,420,000.

Tofauti ni zaidi ya Sh178,000. Kwa bei za Maramba hiyo ni sare, viatu na mabegi ya watoto zaidi ya mmoja, na chenji inabaki. Tangazo la mkopo litasema "asilimia 3.5" katika hali zote mbili, na kikokotoo ulichokikuta mtandaoni kitachagua namna moja bila kukuambia.

Halafu kuna vitu ambavyo havina kisanduku cha kujaza: ada ya fomu, ada ya kushughulikia mkopo, bima ya mkopo, faini ya kuchelewa, na akiba ya lazima ambayo baadhi ya wakopeshaji hukata kabla hujapewa fedha. Mikopo ya kwenye simu ndiyo inayotesa zaidi hapa. Tuseme umeomba Sh100,000 kwa siku 30, ukapokea Sh85,000 kwa sababu ada imekatwa mbele, na unatakiwa kurudisha Sh110,000. Programu itakuonyesha riba ya asilimia 10. Lakini wewe uliyeshika Sh85,000 mkononi umelipia Sh25,000 juu yake, ambayo ni zaidi ya asilimia 29 kwa mwezi mmoja.

Novemba 2024 BoT ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni, ikawataka wananchi waachane nazo. Kabla ya hapo, Agosti mwaka huohuo, ilikuwa imetoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali. Malalamiko yaliyovuma sana wakati ule yalikuwa ya watu kutumiwa ujumbe wa kudhalilishwa, wakwe na walimu wenzao wakiarifiwa kuwa fulani anadaiwa. Nyingi ya programu hizo zilikuwa na kikokotoo kizuri tu ukurasa wa mbele.

Kwa familia nyingi za Kiislamu za ukanda huu kuna jambo jingine tena. Kwao swali la kwanza si riba ni asilimia ngapi, bali ni kama ipo. Tangu Amana Bank ilipoanza mwaka 2011 kama benki ya kwanza nchini kuendeshwa yote kwa misingi ya Kiislamu, na benki nyingine zilipofungua madirisha ya aina hiyo, mtu anaweza kununuliwa bidhaa na benki kisha akauziwa kwa faida inayotajwa tangu mwanzo. Ukichukua mkataba wa namna hiyo ukaujaza kwenye kikokotoo cha kawaida, unachopata ni vurugu.

Mafao: mwalimu mmoja, majibu matatu

Neno lenyewe "kikokotoo" lilishika mitaani kwa sababu ya mafao ya wastaafu. Na ukitaka kuona jinsi namba sahihi inavyoweza kuzeeka, hakuna mfano unaoshinda huu.

Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa kuwa PSSSF, na kanuni mpya zikapunguza mkupuo hadi asilimia 25. Watumishi wakapiga kelele. Desemba 28, 2018 Rais John Magufuli alikutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi, akaagiza hesabu za zamani ziendelee hadi 2023. Kabla ya muda huo kufika, Julai 1, 2022, kikaanza kikokotoo kimoja kwa wote: mkupuo asilimia 33, na asilimia 67 iliyobaki inalipwa kidogokidogo kila mwezi. Juni 2024, katika hotuba ya bajeti, Serikali ikatangaza kuupandisha mkupuo hadi asilimia 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wanapata 50, na hadi asilimia 35 kwa kundi lililokuwa likipata 25.

Sasa mchukulie mwalimu wa shule ya msingi aliyefanya kazi miaka 30, yaani miezi 360, ambaye hesabu yake inasimama kwenye mshahara wa Sh1.2 milioni kwa mwezi, sawa na Sh14.4 milioni kwa mwaka. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF, miezi inagawanywa kwa 540, nusu ya pensheni inazidishwa mara 15.5. Angepata mkupuo wa Sh74.4 milioni na Sh400,000 kila mwezi. Kwa kanuni ya Julai 2022, miezi inagawanywa kwa 580, kizidisho ni 12.5: mkupuo unakuwa takriban Sh36.9 milioni na pensheni ya mwezi karibu Sh499,000. Kwa asilimia 40, mkupuo ni takriban Sh44.7 milioni, na kwa mwezi karibu Sh447,000.

Nimetumia mshahara uleule kote ili kulinganisha kuwe rahisi. Kiuhalisia kanuni ya PSPF iliangalia mshahara wa mwisho, na hii ya sasa inaangalia wastani wa miaka mitatu yenye mshahara mkubwa zaidi ndani ya miaka 10 ya mwisho. Kwa aliyepandishwa daraja karibu na kustaafu, tofauti hiyo peke yake ni fedha nyingi.

Angalia pia kwamba mkupuo ulipopungua, pensheni ya mwezi iliongezeka. Wapo wanaosema hiyo ni afadhali, kwa kuwa mkupuo huliwa na pensheni hubaki. Mimi naona hoja hiyo inamsahau mzazi. Mtu anayestaafu akiwa na miaka 60 huku kitinda mimba wake yuko kidato cha pili, na nyumba imefika kwenye linta, alikuwa ameshaugawa mkupuo huo kichwani miaka mingi nyuma. Aliugawa kwa kikokotoo cha wakati huo.

Na vile vya wakati huo bado vipo. Majedwali ya hesabu ya mwaka 2018 na 2022 yanaendelea kusambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ya walimu na wauguzi, hayana tarehe wala mwenyewe. Mtu anayejaza leo anapata jibu la sheria iliyokwisha. Hata akipata kikokotoo kipya, hakitajua kama kuna miezi ambayo mwajiri hakuwasilisha michango, au kama jina lililo kwenye mfuko linatofautiana herufi moja na lililo kwenye kitambulisho cha Taifa. Vitu hivyo vinaonekana kwenye taarifa ya michango ya mwanachama tu. Ni vizuri kuiomba ukiwa na miaka 45 au 50, mwajiri wa zamani angali anapatikana. Ukisubiri miaka 59 na miezi minane umechelewa.

Ushauri uliosafiri mbali

Mbali na vikokotoo kuna kanuni za jumla, zile zinazowekwa kwenye picha nzuri na kusambazwa kila Jumatatu asubuhi. Maarufu kuliko zote inasema gawa kipato chako: asilimia 50 kwa mahitaji, 30 kwa matakwa, 20 kwa akiba. Kanuni hiyo ilienezwa na Elizabeth Warren, ambaye baadaye alikuwa seneta, na binti yake Amelia Warren Tyagi, katika kitabu cha All Your Worth cha mwaka 2005. Waliwaandikia Wamarekani wenye mshahara, ambao kodi ya nyumba na bima huondoka kila mwezi kwa kiwango kinachojulikana.

Maramba chakula kingi kinatoka shambani na hakionekani kwenye hesabu ya fedha. Nyumba ni ya mtu mwenyewe. Lakini kuna msiba wa upande wa mume, kuna mchango wa harusi ya binti wa shangazi, kuna mpwa anayesomeshwa. Je, hayo ni mahitaji au matakwa? Ukiyaweka kwenye matakwa, jaribu kutoyatoa mwaka mmoja uone siku ukifiwa wewe.

Ushauri mwingine ni wa kuwa na akiba ya dharura ya miezi mitatu hadi sita ya matumizi, ikae benki. Si ushauri mbaya. Ila akiba ya dharura ya kaya nyingi hapa ina miguu minne au imefungwa kwenye gunia, na sehemu nyingine ipo kwenye mfuko wa jamii wa VICOBA, ambao mwanachama hupewa akiuguliwa au akifiwa. Kikokotoo cha akiba kitaandika sifuri. Mtu aliyeandikiwa sifuri ama anakata tamaa, ama anauza mbuzi ili aweke fedha mahali ambapo simu itaziona.

Usiku wa rufaa

Pengo linalonigusa zaidi ni la ugonjwa. Hakuna kikokotoo cha mkopo nilichowahi kukutana nacho kinachouliza: mtoto akizidiwa usiku na kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Bombo, Tanga mjini, utatoa wapi nauli, chakula cha anayemuuguza, na siku tano za kutokwenda shambani? Matibabu ya mtoto wa chini ya miaka mitano ni bure kwa sera. Nauli na zile siku tano si bure, na ndizo zinazovuruga rejesho la mwezi.

Bima nayo ina hesabu yake ya jumla. Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa ulipanga Sh30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Ni bei ambayo mtu akisikia anasema nafuu, na ni kweli. Lakini hesabu nyumba moja ya kawaida hapa: baba, mama, watoto wanne, tayari sita. Bibi anayekaa nao na mpwa aliyekuja kusoma wako nje ya kadi. Mara nyingi bibi ndiye mwenye presha. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo imesimama kwenye wazo la kaya, kwa hiyo kabla ya kulipa chochote mzazi aulize ofisini nani anahesabiwa kuwa wa kaya yake.

Watumishi wana kinga kidogo: mshahara hautakiwi kukatwa mpaka ukabaki chini ya theluthi moja. Vikokotoo vya benki hutumia kanuni hiyo kukuonyesha kiwango cha juu unachoweza kukopa, na watu wengi hukisoma kama kiwango wanachopaswa kukopa. Aliyesoma kwa mkopo wa elimu ya juu anakatwa asilimia 15 kwanza. Theluthi iliyobaki haijui kuwa kuna hisa za VICOBA kila Jumamosi.

Kabla ya kusaini

Kikokotoo kina kazi yake. Kinafaa kulinganisha wakopeshaji wawili, au kuona mkopo wa miezi 12 unatofautianaje na wa miezi 24. Kinafaa sana kumkataza mtu. Ukijaza na jibu likaonekana zito kabla hata ya ada na makato, basi ni zito.

Likionekana jepesi, chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa, uandike miezi 12 kuanzia ule utakaopokea fedha. Mbele ya kila mwezi andika fedha unayotarajia kuiona kweli, usigawanye kwa 12. Weka alama kwenye miezi ya shule, ya kupanda na ya njaa. Kisha nenda nalo kwa ofisa mikopo, na umuombe akuandikie vitu vinne: kiasi utakachopokea mkononi baada ya makato yote, jumla utakayorejesha mpaka siku ya mwisho, kama riba inahesabiwa kwenye deni linalobaki au kwenye mkopo wote, na nini kinatokea ukichelewa wiki mbili. Kanuni za mwaka 2019 za kumlinda mlaji wa huduma za fedha zinamtaka aeleze masharti na gharama kwa uwazi kabla hujasaini. Anayekataa kuandika amekujibu tayari.

Muulize pia kama marejesho yanaweza kufuata msimu, kiasi kidogo wakati wa masika na kikubwa Julai na Agosti. Wapo wanaokubali, hasa wanaojua kilimo, lakini hawatangazi.

Na kabla ya yote kuna mkopo ambao hauhitaji kikokotoo kwa kuwa hauna riba: ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Ulisimamishwa mwaka 2023, ukarejeshwa mwaka uliofuata. Hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa, na pa kuanzia ni kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata.